Kete 63: siku tano kwenye milima ya Masasi

Jumatatu

Ukitoka Lindi kwenda Masasi, kaa upande wa kushoto wa basi. Kuanzia Mnazi Mmoja barabara inashika bonde la Mto Lukuledi, na kushoto kwako ukingo wa nyanda za juu za Makonde unakwenda nawe kama ukuta. Kulia, kwa mbali zaidi, ndizo nyanda za juu za Rondo. Mimi nilichelewa nikapata kiti cha kulia, nyuma ya mama mwenye kuku wawili, kwa hiyo huo ukuta niliuona kwa vipande, katikati ya vichwa vya watu.

Ni Julai, kipupwe. Mikorosho inapuliziwa salfa, na kila tulipokatisha shamba ule unga wa njano uliingia dirishani tukakohoa basi zima. Tulisimama Mtama, tukasimama Nyangao, na Ndanda tukasimama kupita kiasi. Ndanda sikasiriki. Maji yanatiririka kutoka mlimani, ilhali juu ya mlima huohuo, kule nyandani, watu wameyafuata maji mabondeni vizazi na vizazi, maana udongo wa juu hauyashiki. Wamisionari Wabenediktini waliofika hapo mwaka 1906 hawakuhitaji kuonyeshwa pa kujenga.

Baada ya Ndanda nchi inabadilika. Ukuta unabaki nyuma, ardhi inatandaa, halafu yanaanza kuchomoza majabali, moja hapa, jingine kule, ya kijivu, matupu, hayashikani. Mjiolojia Mjerumani Wilhelm Bornhardt alizunguka nchi hizi za kusini kati ya mwaka 1895 na 1897, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1900 akayapa majabali ya namna hii jina la Kijerumani, Inselberg, mlima kisiwa. Jina likaenea duniani, na yale yenye umbo la kuba wanajiografia wakayaita kwa jina lake yeye mwenyewe. Nimefundisha neno hilo miaka mingi, na kila mwaka naandika ubaoni "mfano: Masasi". Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuja kuutazama huo mfano. Safari zote za nyuma nilikuja kuzika.

Mjomba, mdogo wake marehemu mama, alinipokea stendi na baiskeli.

"Mpwa, umekonda. Lindi hawali?"

Yeye ndiye aliyeniita. Mwezi wa tatu alinipigia simu usiku, akiwa na salio kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akasema: wewe unayehangaika na mawe ya kwenye vitabu, huku kwetu yapo mawe yenye vishimo vilivyochongwa na watu. Watu gani? Wa zamani. Zamani gani? Hapo salio likaisha.

Usiku tulikula ming'oko na samaki mkavu niliotoka nao pwani. Baadaye akaleta bao lake na soksi nyeusi iliyofungwa fundo. Ndani ya soksi mna komwe 64, zile mbegu ngumu anazotumia kama kete, anazozihesabu kila anapozitoa na kila anapozirudisha. Alinifunga mara mbili. Nikamwambia nimechoka na safari.

Jumanne

Jina la kilima silitaji. Hakina mlinzi, hakina uzio, hakina kibao, na kwa mambo niliyoyaona baadaye (nitayasema) naona heri kikae hivyohivyo bila kujulikana. Ni mwendo wa saa moja na nusu kutoka nyumbani kwa Mjomba, nusu kwa bodaboda, nusu kwa miguu.

Tulichelewa kutoka. Mjomba alikuwa na mikorosho yake ya kumalizia, kisha boda ikapata pancha, kisha kijana wa boda akamkuta shemeji yake njiani. Tulipofika juu ilikuwa saa sita unusu. Jua la utosini, jabali linawaka, macho yanauma.

Naisi ile, mwamba ambao umri wake umepita miaka milioni 500, inamenyeka kwa maganda makubwa kama kitunguu, na juu ya ganda la kwanza tu nikaona mashimo. Makubwa! Moja lingetosha kuogea mtoto. Nikatoa simu nikaanza kupiga picha, nikaweka kalamu pembeni ili ukubwa uonekane, nikapima kwa shubiri, nikaandika. Mjomba alikaa kwenye kivuli akanywa maji. Nilipofika shimo la sita akasema, "Hayo ni ya mvua."

Ni kweli ni ya mvua, na mwalimu wa jiografia alipaswa kuona. Maji yakituama mahali kwenye jabali yanaulegeza mwamba punje kwa punje, upepo unapeperusha mchanga, mwaka unaofuata yanatuama mengi zaidi. Shimo la namna hiyo kitako chake ni bapa, kingo zake hazina mpango, na linapanuka kuliko linavyozama. Nilifuta picha 14.

"Sasa yale ya watu yako wapi?"

"Umesimama juu yake."

Nikatazama chini. Sikuona kitu. Naapa, palikuwa na jabali tupu la rangi moja, lenye madoa ya ukoga wa kijivu. Mjomba akachuchumaa, akanishika mkono kama unavyomshika mtoto anayejifunza kuandika, akaulaza mwambani, akauburuta taratibu. Vidole vikazama. Vikapanda. Vikazama tena. Kishimo cha mviringo, laini ndani, kikubwa kidogo kuliko kitako cha kikombe cha kahawa, na shubiri moja mbele yake kingine, na kingine. Macho yangu yaliendelea kukataa huku mkono ukihesabu. Nilifika saba.

Jua la saa sita halina kivuli, na nakshi isiyo na kivuli haipo. Tuliteremka.

Wapo wanaotatua shida hii kwa kusugua chaki kwenye vishimo ili picha itoke vizuri. Usifanye hivyo. Chaki inabaki kwenye vinyweleo vya jiwe, na ukiisugua ili itoke unaondoa ule uso wa mwamba uliokuwa ushahidi. Kwa michoro ya rangi, kumwagia maji ni balaa zaidi. Kinachohitajika ni kuamka mapema tu.

Jumatano

Tuliamka saa tisa usiku. Mke wa Mjomba alitufungashia mihogo ya kuchemsha na chupa ya chai ya rangi, akasema hajapata kuona watu wazima wanaoamkia mawe. Mjomba aliweka ile soksi ya kete mfukoni. Nilipomuuliza akajibu, "Kazi yako wewe kuandika. Mimi nina yangu."

Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa juu. Jua lilipotoka, lilitoka kwa pembeni, na mwanga ulipolala juu ya jabali kila kishimo kikajaza kivuli nusu. Ilikuwa kama mtu amevimwagia wino. Vilikuwa vimeenea kuliko nilivyodhani jana, vikundi viwili vilivyotengana kama hatua 60.

Kundi la kwanza liko mahali tambarare, karibu na mojawapo ya yale mashimo ya mvua, na hapo hapakuhitaji mtaalamu. Safu nne, vishimo nane kila safu. Katika safu za ndani, cha tano kutoka kushoto kwa mchezaji ni kipana kuliko vyenzake, yaani nyumba. Bao kamili. Pande zote mbili jiwe limelainika kama benchi la zahanati. Mjomba alikaa upande mmoja akaanza kupanga kete. Nikakaa. Tukacheza nusu saa nzima, bila mtu mwingine karibu, na baridi inapenya suruali. Alinifunga.

Nilipoinama kutazama ndani ya vishimo vya bao, rangi yake ilikuwa nyepesi kuliko jabali linalovizunguka. Jiwe linapogongwa, sehemu mpya hutoka nyeupe, kisha miaka na hewa na maji huirudisha taratibu kwenye weusi wa wenzake. Hii si saa wala kalenda, kwa sababu kila mwamba una mwendo wake. Ila vishimo viwili vya jabali moja unaweza kuvilinganisha, na vya bao vilikuwa vichanga. Huenda ni vya enzi za babu yake Mjomba, wachungaji au walinzi wa mashamba wakisubiri jua lishuke.

Kundi la pili ni jambo jingine. Vishimo 41 kwa hesabu yangu, 43 kwa hesabu ya Mjomba. Ndani ni vyeusi sawasawa na jabali, ukoga umeota juu yake bila kubagua. Havina safu nne wala nane, vinakwenda kama msafara wa siafu, mara viwiliviwili, mara kimojakimoja, vikishuka. Pembeni yake kuna michirizi minne iliyonyooka, mirefu kama kiganja, laini kabisa, inayoonekana kama mahali pa kunolea kitu.

"Hili nalo bao," nikasema, kwa sababu ndivyo wanavyosema karibu wote unaowauliza kuhusu vishimo vya namna hii.

Mjomba hakunijibu. Alifungua soksi akaanza kuweka komwe moja kila kishimo kuanzia juu. Ya kwanza ikakaa. Ya pili ikakaa. Ya tatu ikasita kwenye ukingo, ikapinduka, ikadunda mara mbili, ikaanza kuteremka. Kuna sauti ya komwe kwenye naisi, tik, tik, tik, inayozidi kasi. Ikafuatwa na ya nne. Mjomba akaruka kuziwahi, mtu wa miaka 68, nami nikamshika shati. Moja tuliikamata. Nyingine ikaingia kwenye ufa usiopitisha hata kidole.

Alibaki ameutazama ule ufa. Kisha akasema, "Nani atachonga bao mahali ambapo kete hazikai?"

Nimesoma maandishi mengi kuhusu nakshi za mwambani, na mengi huuliza vishimo vinafanana na nini. Swali la Mjomba naliona bora: viko wapi? Mtu aliyeweza kuchonga pale tambarare hatua 60 kutoka hapo, akaacha, akaja kujitesa kwenye mteremko, alikuwa na haja na huo mteremko. Kwa hiyo nilikaa mahali angelikaa mchongaji, nikageuka nikatazama alikotazama.

Kutoka pale unaona mwanya kati ya majabali mawili. Mwanya huo ndio unaopitisha njia ya miguu inayotoka upande wa mto, na kinamama wanaipita mpaka leo. Chini kidogo kuna mbuga ya udongo mweusi, ambayo mwezi huu wa Julai, wakati kila kitu kimekauka, ilikuwa bado na utepe wa kijani katikati. Maji yapo chini ya ardhi. Vile vishimo vinateremka kuelekea huko. Sitaki kusema vinaonyesha maji, maana mchongaji hakuniachia barua. Ila ukitembea hatua 20 kushoto, mbuga inafichwa na bega la jabali, na ukitembea 20 kulia, mwanya unafungwa. Pale palipochongwa unaviona vyote viwili. Mahali pengine nilipojaribu asubuhi nzima sikuviona pamoja.

Mwanaakiolojia Mwingereza Richard Bradley aliwahi kufuatilia miamba yenye vishimo na miduara kule Uingereza na Scotland kwa namna hiyohiyo. Alipima kinachoonekana kutoka kwenye jiwe lenye nakshi na kutoka kwenye jiwe la karibu lisilo nayo, akakuta nakshi nyingi zimewekwa penye mandhari mapana na kwenye njia za kuingilia mabonde. Alta, Norway, mahali panajibu hata swali la umri. Nakshi zilichongwa ufukweni, nchi ikaendelea kuinuka kutoka baharini, kwa hiyo zilizo juu zaidi ndizo za kale zaidi. Jabali letu halipandi wala halishuki. Na kwa kuwa kuchonga ni kuondoa jiwe bila kuongeza kitu, hakibaki chochote cha kupeleka maabara kupimwa kaboni. Ninachoweza kuandika ni kwamba lile bao ni jipya na kundi la mteremkoni ni la kale kulizidi. Kama ni kwa miaka 300 au 3,000, jabali halijasema.

Tulipokuwa tukishuka tulimkuta bibi mmoja ameanika makopa kwenye uso wa chini wa jabali, vipande vyeupe vya muhogo eneo la ukubwa wa chumba. Usoni ana nembo, chale za Kimakua, mwezi mchanga katikati ya paji. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza mimi wa kwa nani, Mjomba akamwelekeza kwa jina la mama. Hapo ndipo akakubali kuulizwa.

"Vile vya juu? Mama yangu alivikuta. Na mama yake alivikuta." Akageuza kopa. "Sisi tulikatazwa kupondea pale. Kinu kipo nyumbani."

Nikamuuliza ni nani aliyekataza. Akanitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyeuliza jambo lililokwisha andikwa ubaoni.

Alhamisi

Upande wa pili wa kilima, na hapa nitakwenda haraka kwa sababu sikupapenda.

Kuna watu wanaponda kokoto. Wanawasha moto wa magogo na matairi makuukuu juu ya jabali, linapopata joto linapasuka ganda zima, kisha nyundo. Mama mmoja aliniambia kokoto zile zimesomesha watoto wawili, na sikuwa na la kumjibu. Mahali wanapochoma sasa ni mbali na vishimo, ila moshi unafika kwenye kibanda cha mwamba ambako Mjomba alitaka nione michoro. Ni michirizi ya rangi nyekundu, ya ngeu, mstari kwa mstari, na kitu kama ngazi. Hakuna mnyama, hakuna mtu. Ukizoea picha za Kondoa, zenye twiga na watu warefu, unaweza kudhani hapa pamechafuliwa tu. Lakini michoro ya mistari na miduara ya rangi nyekundu ndiyo kawaida ya Malawi na Zambia, inayohesabiwa kuwa ya wawindaji walioishi huko kabla ya wakulima. Chongoni, Malawi, na Kondoa kwetu ziliingia pamoja kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kutoka Masasi, Malawi iko karibu kuliko Kondoa.

Chini ya mchoro kuna shimo la kina cha mtu, limechimbwa karibuni. Mali za Mjerumani. Vita vya Mahiwa, Oktoba 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vilipiganwa upande wa Nyangao tuliyoipita Jumatatu, na tangu hapo kila alama kwenye jiwe kusini hii ina mtu anayeamini kuwa Mjerumani aliiacha kuonyesha alikozika rupia. Mjerumani aliyekuwa akikimbia na wapagazi wenye njaa angepata wapi muda wa kuchora ngazi kwa ngeu, hilo wachimbaji hawajiulizi. Ndiyo sababu ya kutotaja jina la kilima.

Sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda michoro na nakshi za mwambani zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Masasi na watumwa walioachiwa huru mwaka 1876, miaka 13 tu baada ya mpaka huo. Kwa hiyo lile bao letu la juu, kama lilichongwa na vijana waliokuwa wakiisikia kengele ya misheni, halimo kwenye ulinzi huo. Na nani atathibitisha? Mjomba alisema hakimu itabidi aje na soksi.

Jioni nilichora ramani ya vishimo kwenye daftari, pamoja na mwanya, mbuga na njia. Mbuga ilichukua nafasi kubwa kuliko vishimo vyenyewe.

Ijumaa

Basi la saa nne. Mjomba alitaka tucheze la mwisho uani, mke wake akitwanga karibu nasi. Alifungua soksi akahesabu, ingawa alijua. Alihesabu mara mbili.

"63."

Nikamwambia nitamtumia komwe kutoka Lindi, pwani zimejaa mchangani. Akasema za pwani ni nyepesi. Akainuka akaingia ndani, nikasikia akipekua gunia, akarudi na korosho moja ghafi, ya msimu uliopita, kavu, ya kijivu kama jabali. Akaitupia kwenye nyumba yangu.

Haikai vizuri. Ina mgongo upande mmoja, ukiichota pamoja na komwe inatangulia kutoka mkononi kabla hujataka. Nilipofika kuisambaza ikadondokea kishimo kisicho chake, Mjomba akasema imekwenda yenyewe na isiguswe, mimi nikasema hapana, tukabishana mpaka boda ikapiga honi nje.